Mimi Tu Ndiye Ninayemwelewa Kobe wa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Sofa naipoteza. Shemeji katamka leo mbele ya dada yangu, kijiti cha meno kikiwa mdomoni: mama yake anakuja kukaa, Jumamosi ya wiki ijayo, miguu inamsumbua, na sofa ndiyo itakuwa kitanda chake. Nikamuuliza mimi nitalala wapi. Akasema hilo nalo ni swali zuri. Akarudi kwenye mpira wake. Dada akajifanya anatafuta chumvi.

Lakini nyota yangu haijazimika. Shangazi, mwalimu mkuu mstaafu, kasafiri leo kwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua. Shangazi ana nyumba, ana ua, na uani pana chumba kitupu tangu mpangaji alipohama: mlango wake, dirisha lake, feni yake. Na ana kobe. Kobe anaitwa Bwana Mkubwa. Tangu Shangazi afiwe na mumewe, kobe ndiye anayepewa taarifa zote za nyumba.

Tuliitwa wawili kupewa maagizo: mimi na binamu yangu Perfyumu. Jina lake halisi nimelisahau kwa makusudi. Anauza simu mjini, na harufu yake hufika kabla yake. Chumba anakitaka aweke makasha ya simu. Makasha! Mimi nina mgongo, yeye ana makasha.

Shangazi alisema, "Kulisha hata mtoto anaweza. Mimi nataka mtu anayejua Bwana Mkubwa yuko katika hali gani. Kafurahi, kanuna, ana wasiwasi. Nitapiga simu kila jioni. Nikirudi, atakayekuwa amemwelewa ndiye nitakayempa chumba." Funguo za nyumba akanikabidhi mimi, kwa kuwa sina kazi. Perfyumu atapita jioni akitoka dukani, kukagua. Kukagua nini, sijui.

Nimemtazama kobe usoni kwa makini. Kazi rahisi hii. Ana sura moja tu.

Alhamisi, 7 Machi

Elimu yangu inakua kwa kasi. Akiingiza kichwa, kanuna. Akikitoa, kasamehe. Akifumba macho, anafikiri. Akifumba macho muda mrefu, anafikiri sana. Nashangaa watu wanakwenda chuo kusomea mambo kama haya.

Jioni Shangazi akapiga. Perfyumu akawahi simu. Akasema kobe kala nusu tango, kanywa maji, kalala. Basi! Taarifa ya stoo. Zamu yangu ikafika. Nikamweleza Shangazi kwamba Bwana Mkubwa leo alisimama akalitazama lango, akalitazama tena, akashusha pumzi, kisha akakiendea kiti cha Shangazi cha barazani na kukiinamia. Halafu nikasikia anavuta kamasi. Akaniuliza, "Kweli, baba?" Nikasema kweli kabisa, na mimi mwenyewe nilishindwa kula. Hilo la kutokula lilikuwa kweli. Dada hakuniachia kitu.

Simu ilipokatika Perfyumu akanikodolea macho. Akasema pale uani kobe hawezi kuliona lango, karo la kufulia limemziba. Wivu mtupu. Nimemsamehe, maana mshindi inafaa awe na moyo mkubwa.

Jumamosi, 9 Machi

Balaa. Bwana Mkubwa hali. Tango halitaki, nyanya anaikanyaga. Anazunguka tu kandokando ya ukuta, kona hadi kona, kama askari wa zamu. Nikakaa juu ya ndoo, nikatafakari. Nani kamuudhi? Jibu likaja lenyewe, tena kwa njia ya pua. Perfyumu! Kobe yuko chini, harufu nzito hutuama chini, basi mnyama wa watu anaogelea ndani yake kila jioni.

Nikampigia Shangazi kabla hajanipigia. Akamwamuru Perfyumu asijipulize kitu chochote akija uani. Jioni kaja ananuka jasho kama sisi wengine, uso umemshuka, mabega yamemshuka. Nikampa pole. Nikamwambia ni kwa ajili ya mgonjwa.

Kobe hakula vilevile. Lakini siku ilikuwa nzuri.

Jumapili, 10 Machi

Nimekuta shimo! Nyuma ya chumba cha uani, penye udongo laini, shimo la kuzamisha kiganja, na Bwana Mkubwa kalipa mgongo, anafukua kwa miguu ya nyuma. Anatoroka! Tena anatoroka kinyumenyume, ili asionekane anakoelekea. Ujanja huu kajifunzia wapi?

Kobe akipotea, chumba kimepotea, na sofa ndiyo hiyo inakwenda. Nikafukia, nikaweka tofali juu. Akanitazama. Akasogea kidogo, akaanza jingine. Nikafukia. Akaanza jingine. Tumeshinda hivyo mpaka jua likaniunguza shingo, yeye anachimba, mimi nafukia, hakuna anayetaka kushindwa. Mwisho akanitolea sauti, sssss, kama tairi lililotoboka.

Hapo hapo nikamwelewa. Mwanamume hawezi kukimbia nyumba yenye tango kila siku bila sababu. Huyu anatafuta mke.

Jumatatu, 11 Machi

Mke kapatikana. Mwenye gereji wa mtaa wa pili ana kobe anayeishi chini ya lori bovu. Anamwita Sipea. Mwenye gereji ni mgane, pande la mtu, grisi hadi viwikoni, maneno machache. Nilimuuliza kama Sipea ni jike. Akasema, "Sijawahi kumuuliza." Ikabidi nitumie utaalamu. Nikamwinua Sipea nikamwangalia usoni: macho ya aibu, shingo nyembamba. Jike, na mwenye heshima zake.

Nikaazimwa, kwa ahadi ya watoto wawili wa kwanza. Mwenye gereji akauliza watoto wangu wana umri gani. Nikamwambia watoto wa kobe, bwana.

Jioni nikamweleza Shangazi kwamba Bwana Mkubwa ana upweke wa kiume, na kwamba naushughulikia. Akasema miaka yote hajawahi kumwona na upweke. Nikamjibu kwa upole kwamba kuna mambo mwanamume humficha mwanamke. Akasema, "Haya, wewe ndiye uliye naye." Sauti yake ilikuwa na heshima mpya. Au usingizi, mjukuu hamwachi alale.

Jumanne, 12 Machi

Ndoa imeanza na vikwazo vidogo.

Bibi harusi nilimshusha uani. Akamwona Bwana Mkubwa. Akamwendea mbio, yaani mbio zao, niliwahi kwenda kunywa maji nikarudi. Akamgonga ubavuni. Ko! Akarudi nyuma kidogo, akamgonga tena. Ko! Bwana Mkubwa akakimbilia nyuma ya karo, Sipea naye nyuma yake. Nikajisemea, aibu za siku ya kwanza hizi. Kisha bibi harusi akampanda bwana harusi mgongoni, akalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Hilo sikulitegemea, lakini mambo ya wapendanao si ya kuingilia.

Nikageuka, nikamwona Perfyumu kaegemea mlango, simu juu, anarekodi huku anatetemeka kwa kicheko. Kaacha duka mchana kweupe kuja kunipeleleza! Video akamtumia Shangazi. Shangazi akapiga hapo hapo. Akauliza mbona bibi harusi ndiye aliye juu. Nikasema wanacheza. Akauliza nina hakika yupi ni dume. Nikamwambia, Shangazi, huyu anaitwa Bwana Mkubwa, na jina umempa wewe mwenyewe. Akakata simu. Nimemshinda kwa hoja, mwalimu mkuu mzima.

Sipea nimemrudisha gereji ndani ya beseni, maana Bwana Mkubwa alijifungia ndani ya gamba na hakutoka tena. Mwenye gereji akauliza kama watoto tayari.

Jumatano, 13 Machi

Perfyumu hana haya. Kaanza kuniiga! Leo kamwambia Shangazi kwamba alimwekea kobe sauti yake kwenye simu, na kobe akatabasamu. Kutabasamu! Kobe! Nilitaka kumnyang'anya simu. Inaniuma sana mtu anapomsingizia mnyama asiyeweza kujitetea. Mimi nilisema alishusha pumzi, na kobe ana pumzi. Meno ya kutabasamia kayatoa wapi?

Shangazi akacheka, akafurahi, akamwita "mwanangu." Kisha akatangaza kwamba anarudi Jumamosi mchana. Siku zimekwisha, Perfyumu kapanda, na kobe bado anafukua kila ninapogeuka.

Usiku huu nitakesha nikifikiri. Nitasinzia kidogo tu, mpaka asubuhi.

Alhamisi, 14 Machi

Mama yake shemeji kawahi kufika. Kakaa kwenye sofa, kanyoosha miguu, kaniambia nina pumzi za kelele. Nilipotoka bafuni nikakuta mabegi yangu barazani, yamepangwa vizuri, zipu zimefungwa. Mkono wa dada huo. Iliniuma, siwezi kuficha. Nilisimama pale kidogo nikisubiri mtu aseme ni utani.

Basi nimehamia chumba cha uani. Funguo ninazo, Shangazi anarudi keshokutwa, na mtu akihamia mapema anampunguzia mwenye nyumba usumbufu. Kitanda sina, kabati sina. Nguo nimezimwaga pembeni sakafuni, na juu yake nimeilaza suti yangu, ile ya usaili, isije ikajikunja.

Kabla ya hapo nilimaliza kazi uani. Kila penye udongo laini nimepanga tofali na mawe, ukuta hadi ukuta. Hapana pa kuchimba hata kwa kijiko. Bwana Mkubwa akapita juu ya tofali zote akizikwaruza, moja moja, kama fundi anayekagua. Akanigeukia akanitolea ile sauti ya tairi. Nikamwambia azoee. Mimi nimefukuzwa kwenye sofa leo na bado nimesimama.

Mchana, maajabu! Niliacha mlango wazi kwa sababu ya joto. Bwana Mkubwa akaingia mwenyewe chumbani kwangu. Akazunguka. Akapanda juu ya rundo la nguo, akaifikia suti, akatulia. Akaanza kukwaruza kwa miguu ya nyuma, polepole, anajitengenezea mahali. Halafu kimya, shingo kainyoosha, machozi yanamtoka. Machozi! Nusura nami nilie. Ugomvi wa mashimo ameusamehe. Kati ya wanadamu wote kanichagua mimi, na suti yangu.

Nikatoka kwa kunyata, nikampigia Shangazi. Nikamwambia Bwana Mkubwa kahamia kwangu, analia kwa furaha. Akauliza kwangu ni wapi. Mtandao ukakatika. Niliukata mimi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimehujumiwa!

Asubuhi nilikwenda kuikung'uta suti niivae kesho kumpokea Shangazi. Nilipoinua ukosi tu, hamadi! Bitana imechanika, na ndani yake imejaa mipira midogo myeupe ya tenisi ya mezani, imesukumwa humo kama bidhaa ya magendo. Na nani katika ukoo huu anacheza tenisi ya mezani kila Jumapili na kujisifu wiki nzima? Perfyumu.

Mpango wake niliuona wote. Shangazi afungue mlango, akute chumba kimegeuzwa uwanja wa michezo, aniite mhuni, anifukuze. Bitana kaichana kwa chuki, kwa kuwa yeye hana suti yenye bitana. Mikono iliniwasha, lakini sikugusa kitu. Ushahidi huachwa ulivyo. Nikafunga mlango, nikaketi mbele yake kutwa nzima. Perfyumu alipokuja jioni akauliza nalinda nini. Nikamjibu kwamba atajua. Akajifanya haelewi. Mwigizaji mzuri, namvulia kofia.

Bwana Mkubwa, kwa upande wake, leo kala tango zima, nyanya mbili na pindo la suruali yangu. Hatembei ovyo, hachimbi, hapigi kelele. Katulia kabisa. Hiyo yote ni kazi yangu. Kesho nitamkabidhi Shangazi kobe mwenye furaha kwa mkono mmoja, na mhalifu kwa mkono mwingine.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika haraka kabla hasira hazijapoa.

Shangazi kafika mchana. Nikamwamkia, nikambebea mizigo, nikamsifia kwamba safari imempendezesha. Akapita moja kwa moja hadi uani, akasimama. Akauliza, "Nani kanijengea barabara hapa?" Nikasema nitaeleza yote kwa mpangilio. Nikamwekea kiti. Nikamwita Perfyumu asimame mbele. Nikafungua mlango wa chumba na kutoa mashtaka: wivu, uvamizi, uharibifu wa suti, na mipira iliyofichwa kwa nia mbaya. Niliongea vizuri. Hata mimi nilijisikia.

Perfyumu akasema mipira yake ni ya rangi ya chungwa.

Shangazi akainuka kitini. Akavaa miwani, akapiga magoti kando ya suti, akatazama bila kugusa. Akaniuliza nani kalala hapa juu. Nikasema Bwana Mkubwa, Shangazi, kwa mapenzi yake kwangu. Akauliza kama alikuwa anachimba. Nikasema alitaka kutoroka, lakini nilimzuia kila mahali. Akauliza kama alikuwa hali. Nikasema upweke, tuliongea habari hii. Akavua miwani.

Akasema, "Baba, haya ni mayai. Umekaa na mama mjamzito hapa. Kila alipotafuta pa kutagia, umepaziba. Ukamletea dume la watu likampiga. Maskini ya Mungu kakosa pote, kaja kuzalia kwenye koti lako, na wewe ukanipigia simu kuniambia analia kwa furaha."

Nikajitetea kwamba kulia alilia.

Aibu ilinishika, lazima nikiri. Masikio yaliwaka moto, nikatamani kuingiza kichwa ndani ya ukosi. Nilimtazama yule kobe, katulia kivulini mwa karo, na kwa mara ya kwanza sikujua la kusema juu yake. Lakini Perfyumu akacheka. Aibu ikageuka hasira, na hasira mimi naimudu.

Kicheko chake hakikufika mbali. Shangazi alimgeukia. "Na wewe ulimwona anapigwa ukaona heri urekodi. Halafu akatabasamu, siyo?" Perfyumu akatazama viatu vyake. Kidogo nilipata nafuu.

Daktari wa mifugo akapigiwa simu. Kasema kobe jike huweza kutunza mbegu za dume mwilini hata miaka, kwa hiyo mayai yasigeuzwe wala yasihamishwe, yamwagiwe udongo mkavu laini palepale, iwekwe balbu ya kuleta joto, na chumba kiwe kimya kwa miezi. Kwa hiyo chumba kimepata wapangaji. Wana mlango wao, dirisha lao, na suti yangu. Perfyumu akauliza kwa sauti ya chini kuhusu makasha yake. Shangazi akamtuma akalete balbu.

Bwana Mkubwa sasa anaitwa Bi Mkubwa. Nilimwita hivyo jioni nimwone. Sura ni ileile.

Jumatatu, 18 Machi

Nalala koridoni kwa Shangazi, kwenye mkeka, mbele ya choo. Si kwa huruma. Balbu inataka mtu wa kuitazama isizimike, na katika ukoo mzima asiye na kazi ni mimi. Nimekatazwa kusema lolote kuhusu hali ya kobe. Nimekatazwa hata kumtazama kwa uso wa mtu anayeelewa. Mayai yakianguliwa, mkeka unakunjwa na mimi natoka. Tena bila suti.

Lakini kipaji hakikatazwi. Tangu jana namchunguza Shangazi, na ninayoyaona si madogo. Hali vizuri; chai kaiacha ikapoa. Anazunguka uani kandokando ya ukuta, kona hadi kona, akinung'unika mbele ya tofali zangu. Leo asubuhi nimemkuta kainama anafukua udongo kwa jembe dogo, peke yake, kwa nguvu zote. Nilipomsogelea kumuuliza ana nini, akanifokea mpaka nikarudi ndani kinyumenyume.

Dalili hizi nazijua. Nilikosea kwa kobe kwa sababu ya jina tu, na jina si kosa langu. Kwa Shangazi hakuna utata: ni mwanamke, ni mjane, na ana upweke. Anatafuta mume, hajijui tu. Na akiolewa atahamia kwa mumewe, na hapa patahitaji mtu wa kubaki. Si chumba cha uani tena. Nyumba nzima!

Nimekwisha kwenda gereji. Mwenye gereji akauliza kama Shangazi mwenyewe ana habari. Nikamwambia anazo moyoni. Akafikiri sana, akafuta mikono, akakubali. Anakuja kesho saa nne. Nimemwambia anawe hadi viwikoni, avae shati lenye vifungo vyote, na Shangazi akimtoa mbio na ufagio asirudi nyuma hata kidogo. Ni aibu za siku ya kwanza tu.